Vijana Wanaozimia Moyo

Mwezi huu naliombwa niandike habari za malezi ya vijana wetu walioko shuleni, nami nilikuwa nimekwisha kutengeneza maneno mazuri juu ya utii na bidii, kama mlivyozoea kuyasoma katika kurasa hizi. Maneno hayo nimeyaweka kando. Badala yake nawaletea habari ya kosa langu mwenyewe, kwa kuwa naona si langu peke yangu. Hufanyika katika nyumba nyingi za Kikristo, tena hufanywa na watu wema.

Katika mtaa wetu yuko kijana ambaye jina lake silitaji. Yeye na wazazi wake wamenipa ruhusa kuyaandika haya. Alipomaliza shule ya msingi alikuwa wa kwanza darasani, akachaguliwa kwenda shule ya bweni mbali na kwetu. Baba yake aliuza ng'ombe wawili ili apate sanduku, godoro, sare na nauli. Siku ya kuondoka tulimwombea kanisani, nami nikasimama mbele ya watu wote nikasema, "Huyu ndiye atakayetutoa." Watu wakapiga vigelegele. Naomba mlikumbuke neno hilo, maana litarudi.

Alipokuwa kidato cha pili alikuja likizo ya mwezi wa Juni. Mama yake akaona kwamba aliyerudi siye yule aliyekwenda. Chakula alikigusa tu akakiacha. Usiku alikuwa macho, na mchana alijilaza akiuelekea ukuta. Alisema kichwa chamwuma, mara tumbo lamwuma, wakampima malaria wasiione. Kwaya aliyoipenda tangu utoto hakuiendea, wala mpira. Jozi ya viatu vyake vizuri akampa mdogo wake bila sababu. Baba akasema, "Ni uvivu wa shule za bweni." Jirani mmoja akasema amerogwa kwa husuda. Mwingine akasema ana pepo. Kisha wakaniita mimi.

Nalikwenda na Biblia yangu. Nikaketi naye muda wa saa nzima, nikamweleza habari za Ayubu na saburi yake, nikamwonya juu ya uvivu, nikamkumbusha ng'ombe wawili wa baba yake. Nikamwambia kwamba Mkristo wa kweli hakai na huzuni. Kila nilipotua, alisema, "Ndiyo, mwalimu." Nikaomba, nikaondoka nikiwa na furaha kwamba nimeifanya kazi yangu. Katika saa ile yote sikumwuliza hata neno moja.

Usiku wa pili yake kijana akafungua mlango akatoka. Bibi yake, mama wa mama yake, ambaye usingizi wake ni mwepesi kama wa kuku, akasikia. Akajitupia kanga akamfuata gizani bila taa mpaka darajani, akamkuta ameketi juu ya jiwe akiyatazama maji. Kikongwe yule hakupiga kelele, wala hakumwuliza umekuja kufanya nini huku. Aliketi karibu naye kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa utani wa bibi na mjukuu, "Mume wangu, mkeo anaona baridi. Twende nyumbani ukanikokee moto."

Kijana akainuka. Wakarudi, akaukoka moto. Bibi akapika uji, akamnywesha, akamlaza chumbani mwake na kuketi mlangoni. Siku ile na siku ya pili yake alilala, akaamka, akanywa uji, akalala tena. Nami niliposikia habari nikaja mbio na Biblia yangu. Bibi akaniambia, "Mwalimu, amelala. Njoo kesho kutwa." Nilirudi nyumbani nimechukizwa, nikisema moyoni kwamba mwanamke huyu asiyejua kusoma amenizuia kuifanya kazi ya Bwana.

Jioni ile nikafungua kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19, sura ambayo nimewafundisha wanafunzi wa ubatizo miaka mingi. Eliya ametoka kuwashinda manabii wa Baali juu ya Karmeli, kisha amekimbia jangwani, ameketi chini ya mretemu, anaomba afe. Huyu si mvivu, wala si mpagani, wala si mtu asiyejua kuomba. Nikaangalia Mungu alimfanyia nini kwanza. Hakumhubiri. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji. Akala, akalala tena, akaletewa tena mkate na maji. Ndipo alipokwisha kupata nguvu za kwenda Horebu akaulizwa ana nini. Naye akaeleza manung'uniko yake mara mbili, kwa maneno yaleyale, wala hakukatizwa. Baada ya hayo akapewa kazi ya kufanya, akapewa Elisha awe pamoja naye, akaambiwa kwamba hayuko peke yake. Nikaona ya kuwa bibi ameifuata sura ile kwa utaratibu wake, na mimi niliyeisoma nimeanzia mwisho.

Siku ya tatu, walipokuwa wakipukuchua mahindi, kijana akasema. Kule shuleni walikuwa zaidi ya mia darasani, na kila mmoja wao alikuwa wa kwanza kwao. Yeye akawa katika wale wa mwisho. Majina yalisomwa mstarini mbele ya shule nzima, na mwalimu mmoja akamwita bingwa wa kijijini, wenzake wakacheka, na jina hilo likamganda. Tangu hapo hakupata usingizi. Kila akifungua daftari aliwaona ng'ombe wawili wa baba yake. Na usiku alisikia sauti yangu mimi ikisema, "Huyu ndiye atakayetutoa," kama mdai agongaye mlango.

Ndugu zangu, sikujua kwamba sifa yaweza kuwa deni.

Wazazi wakampeleka zahanati, na muuguzi wa pale akawaandikia barua ya hospitali ya wilaya. Muuguzi alimwuliza waziwazi, "Mwanangu, umewaza kujiua?" Mama yake akashtuka akamshika mkono amnyamazishe. Kijana akaitika, akalia, na baadaye akasema kwamba hapo ndipo mzigo ulipoanza kupungua. Wengi wetu twaogopa kuuliza hivyo tukidhani tutamtia mtoto wazo ambalo hakuwa nalo. Wataalamu wamelichunguza jambo hili, nao wameona kwamba kumwuliza mtu kwa upole hakumtii wazo hilo. Humfungulia mlango wa kusema. Basi tusiogope. Na mtoto akiitika, asiachwe peke yake hata saa moja. Vitu vya hatari viondolewe karibu naye, naye apelekwe kwa tabibu siku hiyohiyo.

Hospitalini waliuita ugonjwa wake sonona. Nataka niyaseme haya kwa uangalifu, kwa sababu si kila huzuni ni ugonjwa. Mtoto aliyefiwa atalia, na aliyeshindwa mtihani atanuna, na siku zikipita atacheza tena. Lakini huzuni ikishika majuma mawili na zaidi, ikamnyima usingizi na chakula, ikamtoa katika mambo aliyoyapenda, ikamfanya ajione hana faida duniani, hapo yafaa aonwe na tabibu. Kwa vijana wengine, hasa wavulana, haionekani kama huzuni. Huonekana kama hasira na ukali, nasi twawachapa kwa hiyo. Shirika la Afya Duniani lahesabu kwamba katika kila vijana 7 wa umri wa miaka 10 hata 19, mmoja ana maradhi ya akili ya namna fulani. Kanisa letu lina vijana zaidi ya saba.

Akapewa dawa, na siku za kwenda kuzungumza na mshauri. Juma la kwanza baba yake alitaka kuzitupa dawa akisema hazifai kitu. Wapenzi, dawa hizi si kama za homa. Huchukua majuma mawili, matatu, hata sita ndipo nguvu yake ionekane, na mgonjwa akipata nafuu asiziache ghafula bila shauri la daktari.

Najua baadhi yenu mtasema kwamba kumpeleka mtoto kwa daktari wa akili ni aibu kwa nyumba ya Kikristo, na kwamba yatosha kuomba. Mimi naomba, na bado namwombea. Lakini Luka, aliyetuandikia Injili, alikuwa tabibu, wala Paulo hakuona haya kumwita hivyo. Tena wazee wetu katika imani waliliona jambo hili kabla yetu. Juu katika milima ya Usambara, wilaya ya Korogwe, iko Lutindi. Wamisionari Wajerumani walifungua kituo pale mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakaanza kuwapokea wagonjwa wa akili, watu ambao kwao walifungwa kamba au kufukuzwa porini, na nyumba ile ikawa ya kwanza ya namna hiyo katika nchi hizi. Mpaka leo ni hospitali ya Kanisa la Kilutheri, na wagonjwa hupewa kazi za mikono na za shamba kuwa sehemu ya uponyaji wao. Kanisa lililoyafanya hayo kwa zaidi ya miaka mia moja halina sababu ya kuona haya leo. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Sasa neno kwa waalimu wenzangu. Nimesikia mara nyingi, nami nimelisema, kwamba sisi tulipigwa, tulitukanwa, tulilala na njaa, na tumekuwa watu. Vijana wa leo ni laini. Naliwaza sana juu ya neno hili. Nikawakumbuka niliosoma nao, nikaanza kuhesabu. Yuko mmoja aliyetoroka akiwa kidato cha tatu, asionekane tena. Yuko aliyekuwa hodari wa hesabu kuliko sisi sote, ambaye sasa ni mlevi wa sokoni. Yuko mmoja ambaye tulikwenda kumzika, na hatukuambiwa amekufa kwa nini. Twajihesabu sisi tuliobaki, kisha twasema ukali ulitujenga. Mche haukomai kwa kunyimwa maji. Mzee wa shamba anajua kwamba mche humwagiliwa kwanza hata mizizi ishuke, ndipo jua la kiangazi lisiuue.

Katika mambo ya shule nalitazama hili la usingizi, kwa sababu ya Eliya. Matabibu wanasema kijana wa miaka 13 hata 18 yampasa alale saa nane hata kumi kila usiku. Katika shule nyingi za bweni taa huzimwa saa nne ya usiku au saa tano, na kengele hulia saa kumi na nusu ya alfajiri. Hesabuni wenyewe. Kisha twashangaa kwamba mtoto hashiki somo, kwamba analia ovyo, kwamba ana hasira. Tena yako majina yale yasomwayo mstarini. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora wa taifa. Ikiwa Baraza limeweza kuacha, mwalimu wa darasa aweza kumpa kila mtoto karatasi yake mkononi, akanena naye peke yake. Jambo hilo halihitaji fedha wala barua ya wizara.

Yule muuguzi wa zahanati alinipa habari nyingine, ambayo ndiyo iliyonisukuma kuandika. Katika mji wa Harare, nchi ya Zimbabwe, yuko daktari wa maradhi ya akili, jina lake Dixon Chibanda. Msichana mmoja aliyekuwa akitibiwa naye alijiua, na mama yake akamweleza daktari kwamba walitaka kumleta hospitali lakini hawakuwa na nauli ya basi. Daktari akaona kwamba yeye kuketi hospitalini akingoja watu hakutoshi. Waganga wa namna yake katika nchi ile walikuwa wachache mno, lakini akina bibi walikuwako kila mtaa. Basi mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare, akaanza na akina bibi 14. Akawafunza jinsi ya kusikiliza, akawaweka juu ya mabenchi ya mbao, chini ya miti, nje ya zahanati.

Kwanza aliliita benchi la afya ya akili, wala watu hawakulikaribia. Wale akina bibi ndio waliomshauri aliite Benchi la Urafiki. Ugonjwa nao hawauiti kwa jina la kitabu. Kwa Kishona wanasema kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Naliposikia hilo nikacheka, maana nasi twasema fulani ana mawazo, na kila mtu ajua kwamba hatusemi juu ya akili nyingi. Bibi humwacha mtu aeleze taabu zake zote kwanza. Kisha humwuliza katika hizo ni ipi tuanze nayo, na wakaitafutia njia pamoja, hatua ndogo ya juma lile. Mwaka 2016 matokeo ya uchunguzi wa kazi hiyo yalitangazwa: watu 573 walifuatwa kwa miezi sita. Katika wale waliotunzwa kwa desturi ya kawaida ya zahanati, nusu yao bado walikuwa na dalili za sonona. Katika wale walioketi na akina bibi, walikuwa 14 tu katika kila mia. Desturi hiyo imefika Malawi, na Unguja pia.

Hao walikuwa watu wazima. Kwa watoto wa shule liko jambo lililofanyika kwa jirani zetu wa Kenya, chini ya jina la Kiswahili chetu, Shamiri, lililoanzishwa na kijana Mkenya, Tom Osborn. Wao huwatuma vijana waliomaliza sekondari juzi tu, wakaketi na wanafunzi katika makundi madogo, saa moja kwa juma, majuma manne. Hawawafundishi habari za magonjwa. Huwafundisha kwamba mtu aweza kubadilika na kukua, na kwamba kushindwa leo si hukumu ya milele; huwafundisha kushukuru; na kuyatambua mambo wanayoyathamini na kuyafuata. Mwaka 2021 ulitangazwa uchunguzi wa wanafunzi 413 waliokuwa na huzuni au wasiwasi, na waliopewa mafunzo hayo walipata nafuu kuliko wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma tu. Nalisoma hayo nikajiuliza tumekuwa tukifanya nini katika madarasa ya kipaimara, sisi wenye toba na shukrani na wito, kwamba vijana watoke pale wakiwa wameshika majibu kwa moyo, wala hawajui kwamba maneno hayo yawahusu wao.

Basi nawaambia tuliyoyafanya kwetu, si kwa kujisifu, maana ni madogo. Tuliwachagua akina bibi watatu, na yule bibi wa darajani ni mmoja wao. Muuguzi akaja siku sita kuwafunza namna ya kusikiliza, na dalili zipi ni za kupeleka hospitali pasipo kungoja, na namna ya kutunza siri. Hili la siri tulilikazia kuliko yote, maana mtaa wetu una masikio. Fundi akatupa benchi. Nambari 116, ambayo mtoto au mzazi aweza kuipiga bure apate shauri, tumeiandika ukutani nyuma ya kanisa, mahali ambapo mtu aweza kuisoma bila kuonekana anaisoma. Mimi mwenyewe nimeambiwa nisikae bendini hapo karibu, kwa kuwa vijana wakiniona hunyoosha migongo na kusema, "Ndiyo, mwalimu." Nimekubali.

Kijana yule sasa husoma shule ya kutwa, huenda kwa miguu na kurudi. Yako majuma mazuri, na yako majuma ambayo mama yake hunitumia mtoto kuniambia niombe. Mwezi wa Novemba atafanya mtihani wa kidato cha nne. Nalimwendea nikamwomba radhi kwa neno lile nililolisema kanisani, nikamwambia hana deni nasi. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama naweza kumwambia na baba yake hivyo. Nilikwenda jioni ileile. Mazungumzo hayo hayakuwa mepesi, nami sitayaandika hapa.

Benchi huwa na watu siku ya Alhamisi, baada ya saa tisa. Majuma mawili ya kwanza akina bibi waliketi peke yao wakachambua mboga. Juma la tatu akaja msichana mmoja, akazungumza habari za mboga, akaenda zake. Juma la nne akarudi. Alhamisi iliyopita walikuja watatu, na mmoja wao alikuwa mwalimu.